Jinsi ya kucheza hadithi kwa dadu na watoto nyumbani: Mwongozo kwa familia za Kasulu na Kibondo

Jioni nyingi za Kasulu na Kibondo zinafanana. Chakula kimeshaliwa, vyombo vimeoshwa, na kama umeme umekatika au simu imeisha chaji, watoto wanazungukazunguka tu mpaka waambiwe wakalale. Muda huo mfupi, nusu saa hivi, unatosha kwa mchezo usiohitaji bando, televisheni wala gharama kubwa.

Ni mchezo wa kukaa pamoja na kutunga hadithi. Kila mtoto anakuwa mhusika, mtu mzima mmoja anakuwa msimulizi, na dadu ya ludo inaamua mambo magumu. Duniani unajulikana kwa kifupi RPG. Hapa kuna maelezo ya jinsi ulivyo, vitu vinavyohitajika, kanuni za kuanzia, na mambo ambayo mzazi anatakiwa kuwa nayo makini.

Mchezo huu ulianzia wapi?

Wa kwanza kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na kutoka mwaka 1974. Wazo lake lilikuwa rahisi. Badala ya kusogeza kete kwenye ubao, wachezaji wanasema kwa mdomo wahusika wao wanafanya nini, na msimulizi anawaambia kilichotokea.

Baadaye zikaja aina za watoto wadogo. Hero Kids ni ya watoto wa miaka 4 hadi 10. Amazing Tales, ya Martin Lloyd, inaanzia miaka 4 pia, na kanuni yake ni fupi sana: mtoto akirusha dadu akapata 3 au zaidi, amefanikiwa. Hakuna haja ya kununua vitabu hivyo. Kilichomo ndani yake kinaweza kuchezwa sebuleni au nje ya jiko kwa kanuni chache zilizoandikwa hapa chini.

Swali moja ndilo linaloendesha mchezo mzima: "Unafanya nini?"

Na hapo ndipo faida yake ilipo. Kwenye nyumba nyingi mtoto anaulizwa maswali ambayo mzazi tayari anajua jibu lake. Umeoga? Umechota maji? Daftari liko wapi? Kwenye mchezo huu anaulizwa kitu ambacho mkubwa hajui jibu lake, na akishajibu, jibu lake linabadilisha hadithi. Baba au mama hawezi kulifuta. Kwa mtoto mkimya, au yule anayeogopa kunyoosha mkono darasani, hilo ni jambo kubwa.

Kwa watu wa Buha sio kitu kigeni

Mzazi akisikia jina la Kiingereza anaweza kudhani ni mambo ya wazungu. Ukweli ni kwamba vipande vyake vyote vipo hapa hapa.

Cha kwanza ni hadithi za jioni. Mtambaji akisema "Hadithi, hadithi!" wasikilizaji wanaitika "Hadithi njoo!" kabla hajaanza. Msikilizaji ana kazi tangu mwanzo.

Cha pili ni vitendawili. Kwa Kiswahili mtegaji anasema "Kitendawili!" na kujibiwa "Tega!" Kwa Kirundi, lugha inayokaribiana sana na Kiha, anasema "Sokwe!" na kujibiwa "Niruze!" Wasikilizaji wakishindwa kwenye Kiswahili, mtegaji anadai mji. Akipewa Kigoma au Tabora, anaanza kusimulia jinsi alivyokwenda huko, akapokelewa vizuri, akala, akanywa, ndipo anatoa jibu. Ile safari ya kutungwa papo hapo ndiyo mchezo wenyewe.

Cha tatu ni michezo ya watoto. Wanapocheza baba na mama, wanapopika majani kwenye visoda na kuuza duka la mchanga, wanaigiza wahusika. Kinachoongezeka hapa ni mkubwa anayekaa nao na dadu inayoleta mashaka kidogo.

Vitu vinavyohitajika

1. Dadu moja ya ludo. Kama haipo, kata vipande sita vya karatasi, andika 1 mpaka 6, vitie kwenye kikombe. Mtoto anachomoa kimoja bila kuangalia, kisha anakirudisha.

2. Daftari la zamani na kalamu, kwa ajili ya kuandika majina ya wahusika na kilichotokea.

3. Kitu cha kushika, hata kijiko. Anayekishika ndiye anayeongea. Bila hivyo, mtoto mkubwa atajibu kwa niaba ya wote.

4. Dakika 20 hadi 30. Msimu wa kilimo, wakati kila mtu amerudi na uchovu wa shamba, hata dakika 15 zinatosha. Ni bora kuacha wakati bado wanataka kuliko kusubiri waanze kusinzia.

Kanuni sita za kuanzia

1. Kila mtoto anachagua mhusika kwa sentensi moja. "Mimi ni fundi baiskeli asiyeogopa giza." "Mimi ni binti anayeongea na ndege." Sentensi hiyo iandikwe kwenye daftari.

2. Msimulizi anaeleza mahali na tatizo moja, kisha anauliza: "Mnafanya nini?"

3. Mdogo kuliko wote anaanza kujibu. Wakubwa wanafuata.

4. Jambo rahisi linatokea tu. Kufungua mlango, kumsalimia mtu au kuchuma embe hakuhitaji dadu.

5. Jambo gumu linahitaji dadu. Akipata 4, 5 au 6, amefanikiwa. Kama jambo hilo linaendana na sifa ya mhusika wake, anaongeza 1. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6, anza na 3.

6. Dadu ikikataa, hadithi haifi, inageuka. Mhusika hauawi, mtoto hatolewi mchezoni. Linatokea jambo jingine linalohitaji akili mpya.

Kanuni ya sita ndiyo ya kushika zaidi. Mtoto akikosa mara mbili na kila mara akaambiwa "umeshindwa", kesho hatataka kucheza.

Mfano wa mchezo unavyokwenda

Tuseme baba ni msimulizi. Mtoto mkubwa ana miaka 10, anaigiza fundi baiskeli. Mdogo ana miaka 6, ni binti anayeongea na wanyama. Wanasafiri kutoka Kasulu kwenda Kibondo kumpelekea bibi dawa.

Baba: Asubuhi mmefika Mto Malagarasi. Maji yamejaa, daraja la miti limekwenda na maji. Mnafanya nini?

Mdogo: Namwita mamba atubebe.

Baba: Mamba gani?

Mdogo: Mamba ambaye hali watu. Anakula mihogo.

Baba: Sawa. Mamba ametoa kichwa. Anasema, "Mwakeye."

Mdogo: Shikamoo mamba.

Baba: "Marahaba mjukuu wangu. Mmeniletea mihogo?"

Mkubwa: Hatuna mihogo, baba. Mimi nina tyubu ya baiskeli. Naijaza upepo, tunavukia.

Baba: Hiyo ngumu kidogo. Rusha dadu. Wewe ni fundi baiskeli, ongeza moja.

Mkubwa: Mbili. Na moja, tatu. Aah!

Baba: Tyubu imejaa, mmepanda, mmefika katikati ya mto. Pshhh! Imetoboka. Ila mamba bado yupo. Anasema, "Nitawabeba, lakini kesho mniletee mihogo debe zima." Mnakubali?

Mdogo: Tunakubali!

Mkubwa: Mihogo yenyewe tutaitoa wapi?

Baba: Hiyo ndiyo hadithi ya kesho.

Angalia alichofanya baba. Hakusema "mamba hawali mihogo". Alipokea wazo la mtoto kama lilivyo na kulijengea juu yake. Dadu ilipokataa, alitumia wazo la mdogo kumwokoa mkubwa, na watoto wote wawili wakawa wamechangia kuvuka.

Mahali pa kutunga hadithi

Mara nyingi msimulizi anakwama kwenye kutafuta mahali. Ukanda huu una mahali pengi ambapo watoto wanapajua au wamewahi kupasikia.

Ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi ndiyo ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mwaka 2000. Ina viboko, mamba, na ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu. Tatizo la kuanzia: ndege huyo amepoteza yai lake, na kila mnyama anamshuku mwenzake.

Heru, mmoja wa tawala za kale za Waha huko Kasulu, katikati ya karne ya 20 uliongozwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Tatizo: mwami anataka mjumbe wa kupeleka ujumbe Muhambwe, ambayo leo ni upande wa Kibondo, na njiani kuna vijiji viwili vinavyogombania kisima. Hadithi hii inawafaa wasichana wanaodhani kiongozi lazima awe mwanaume, na wavulana pia.

Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, ndiko Jane Goodall alikoanza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Tatizo: sokwe mmoja ameokota miwani ya mtafiti na hataki kuirudisha.

Sokoni napo panafaa. Gunia la maharage limeletwa, limefunguliwa, na ndani kuna barua. Nani aliiandika?

Watoto wa umri gani?

Miaka 4 hadi 6: dakika 10 hadi 15, tatizo moja tu, dadu mara mbili au tatu. Wataruka kutoka jambo moja kwenda jingine, waacheni.

Miaka 7 hadi 10: nusu saa, hadithi inayoendelea kesho. Hapa wanaanza kupanga mipango na kubishana. Ubishi ni sehemu ya mchezo, mradi kijiko kinazunguka.

Miaka 11 na kuendelea: wapeni zamu ya kuwa wasimulizi. Mtoto wa umri huu akiwasimulia wadogo zake anajifunza kupanga habari, kusikiliza na kuvumilia. Wakati huo mzazi anakuwa mchezaji, na anatakiwa kufuata kanuni kama wengine.

Bibi na babu wasisahaulike. Utani wa babu na mjukuu unafanya mambo mengi yawe rahisi. Mtoto anayeona aibu mbele ya baba anaweza kufunguka kabisa mbele ya bibi.

Lugha ipi itumike?

Yoyote inayomtoka mtoto. Watoto wengi wa Kasulu na Kibondo wanaongea Kiha nyumbani na Kiswahili shuleni. Kwenye mchezo, mamba anaweza kuongea Kiha na mwenye duka Kiswahili. Mtoto asikatizwe katikati ya hadithi ili asahihishwe neno. Msimulizi anaweza kulirudia neno kwa usahihi kwenye sentensi yake na kuendelea, naye atalishika.

Hesabu zinaingia bila kulazimishwa

Dadu ina pande sita. Anayehitaji 4 au zaidi ana nafasi 3 kati ya 6, yaani nusu. Akiongeza 1 kwa sababu ya sifa yake, nafasi zinakuwa 4 kati ya 6. Mtoto wa darasa la nne akishajua hivyo, ataanza kuuliza mwenyewe kabla ya kurusha: "Hii nina nafasi ngapi?"

Jaribuni pia kurusha dadu mara 30 na kuchora mstari kwa kila namba iliyotoka. Kisha fanyeni hivyo kwa kisoda, mhesabu mara kilipolala na mara kilipoangalia juu. Watoto wataona wenyewe kama kisoda kinagawa nafasi sawasawa kama dadu.

Dadu si kamari?

Swali hili lina haki ya kuulizwa. Sheria ya Tanzania inamkataza mtu wa chini ya miaka 18 kushiriki michezo ya kubahatisha. Lakini kamari inahitaji dau, yaani kitu cha kuweka na kupoteza. Kwenye mchezo huu hakuna pesa, hakuna mshindi, na wote wako upande mmoja. Ili mstari huo ubaki wazi, msiweke dau hata la pipi au karanga.

Na masuala ya uchawi?

Hofu hii iliwahi kuwa kubwa Marekani. Miaka ya 1980, baadhi ya wazazi na vikundi vya dini walidai Dungeons & Dragons inawaingiza vijana kwenye ushetani. Mwaka 1983 Patricia Pulling, mama aliyekuwa amefiwa na mwanawe mwaka uliotangulia, alianzisha chama cha kuupinga mchezo huo. Tafiti zilizofuata hazikupata ushahidi kwamba mchezo wenyewe ndio unaodhuru vijana.

Mzazi asiyetaka uchawi kwenye hadithi hana haja ya kubishana na mtu. Hadithi ni ya familia, na kilichomo wanachagua wenyewe. Wanyama wanaoongea, safari, mafumbo na watu wanaohitaji msaada vinatosha kabisa. Nyumba ya Wakristo au ya Waislamu inaweza kucheza miaka yote bila mganga wala jini.

Tahadhari kwa watoto waliopitia magumu

Hili linahusu ukanda huu moja kwa moja. Nyarugusu, upande wa Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Nduta, upande wa Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipoanza kuvuka mpaka. Familia nyingi hapa zimewahi kukimbia, au zimewapokea waliokimbia.

Kwa mtoto wa aina hiyo, hadithi ya askari mlangoni usiku au ya nyumba kuungua inaweza isiwe mchezo. Kwa hiyo:

1. Msianze na vita, kukimbia wala kufiwa. Hatari iwe ya mto, mvua au mnyama mwenye hila.

2. Wekeni alama ya kusimamisha. Mbunifu wa michezo John Stavropoulos alipendekeza kadi yenye herufi X iwekwe katikati ya wachezaji. Mtu yeyote akiigusa, kipande hicho cha hadithi kinaondolewa, na hakuna anayemuuliza kwa nini. Kipande cha karatasi kinatosha.

3. Mtoto mwenyewe akileta habari ya vita, msimkaripie wala msimchimbe. Msimulizi aipokee kwa upole na kuonyesha njia ya usalama: kuna nyumba yenye taa, kuna mtu anafungua mlango, kuna uji.

4. Mtoto anayeanza kuota ndoto mbaya, kulia au kujitenga asitibiwe kwa mchezo. Aonwe na wahudumu wa afya au ustawi wa jamii.

Makosa yanayoharibu mchezo

Kugeuza hadithi kuwa mahubiri. Mtoto akigundua kila hadithi inaishia kwenye "ndiyo maana mnatakiwa kutii wazazi", ataacha kuja.

Kujua mwisho kabla ya kuanza. Msimulizi aandae tatizo tu. Ufumbuzi autoe mtoto.

Kumcheka mtoto kwa wazo lake. Wacheke pamoja naye, sio yeye.

Kutumia mchezo kama fimbo. "Hukufua sare, leo hukai kwenye hadithi." Adhabu ziwe na mahali pake pengine, maana aliyefungiwa nje ndiye pengine alihitaji kuongea kuliko wote.

Kuwapangia wasichana wapike na wavulana wapigane. Kila mtoto achague mhusika mwenyewe.

Usiku wa kwanza: fanya hivi

Baada ya chakula, waite watoto wakae duara. Weka dadu katikati na kadi ya kusimamisha pembeni yake. Mwulize kila mmoja, "Wewe ni nani, na unaweza nini?" Andika majibu yao.

Kisha sema: "Mnasafiri kwenda sokoni. Njiani mnamkuta mbuzi amefungwa kengele ya shule shingoni. Hakuna mtu karibu."

Mpe mdogo kuliko wote kijiko, umuulize anafanya nini. Halafu nyamaza. Anaweza kuchelewa kujibu, hata dakika nzima, na wakubwa wataanza kumsaidia. Wazuieni. Msubirini ajibu mwenyewe.